Jina moja, vita vingi: kuufungua mkasa wa Vita vya Ridda

Mtoto wa madrasa husimuliwa Vita vya Ridda kwa maneno machache: Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofariki Waarabu wengi waliritadi, Abu Bakr akawapelekea majeshi, wakapigwa, wakarudi katika dini. Kwa mtoto yatosha. Mtu mzima anayeyarudia masimulizi ya kale hugundua upesi kwamba neno hilo moja, ridda, limefunika watu ambao hawakufanana hata kidogo. Wako waliosali na kufunga lakini wakagoma kutoa zaka. Wako waliomfuata mtu aliyedai kuwa naye ni nabii. Wako ambao hawakuwahi kusilimu, hivyo hapakuwa na dini waliyoitoka. Na wako ambao ugomvi wao ulikuwa wa jirani kwa jirani, wa tangu kabla ya Uislamu. Vita vyao vilipiganwa kwa muda wa takriban mwaka mmoja, kuanzia katikati ya 632 hadi katikati ya 633, na kwa kuwa vyote viliendeshwa kutoka Madina chini ya khalifa mmoja, vikapewa jina moja.

Misafara ya kivita dhidi ya makabila haikuanza hapo. Wanahistoria wa Kiislamu huita ghazwa msafara ambao Mtume mwenyewe alikuwamo, na sariya ule alioutuma chini ya uongozi wa mtu mwingine, na katika miaka kumi ya Madina misafara ya aina zote mbili ilielekezwa mara nyingi kwa makabila ya Najd na Hijaz kama Sulaym, Ghatafan na Hawazin. Mingi kati yake ilikuwa ya muda mfupi: kuvunja mkusanyiko wa maadui kabla haujaiva, kulipiza shambulio, au kulitenga kabila na Makureshi. Misafara ya Abu Bakr ilikuwa na kazi nyingine kabisa, nayo ni kuwazuia wasiondoke watu waliokwisha kuingia. Tofauti hii ndiyo iliyozaa mabishano makali baina ya Masahaba wenyewe, kwa sababu adui wa Badri alijulikana kwa sanamu zake, ilhali huyu wa mwaka wa 11 Hijria pengine alikuwa akiadhini.

Kuelewa kwa nini waliondoka inabidi turudi nyuma miaka miwili. Baada ya Makka kufunguliwa mwaka wa 8, na hasa katika mwaka wa 9 ambao huitwa Mwaka wa Wajumbe, makabila yalituma wazee wao Madina mmoja baada ya mwingine kutoa baia. Wengine walikuja kwa imani, wengine kwa sababu jirani yao na hasimu wao alikuwa amekwisha kwenda. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya 49 aya ya 14, inawaambia mabedui wasiseme wameamini bali waseme wamesilimu, kwa kuwa imani bado haijaingia nyoyoni mwao. Na wafasiri wengi husema aya hiyo iliwashukia Banu Asad, kabila litakalotokea tena hapa baada ya muda mfupi. Isitoshe, katika desturi ya Waarabu mkono wa utii ulikuwa baina ya mtu na mtu. Mwenye kupewa mkono akifa, waliobaki hujiona huru kuangalia upya ni nani wa kumfuata. Kwa mtazamo huo, mali iliyopelekwa Madina kila mwaka ilifanana mno na itawa, yaani ushuru ambao kabila dhaifu hulilipa kabila lenye nguvu, na hakuna Mwarabu wa jangwani aliyeona fahari kuendelea kulipa ushuru baada ya kufa aliyemwogopa au aliyempenda.

Mtume alifariki Mfunguo Sita, mwaka wa 11, yaani Juni 632. Abu Bakr alipopewa ukhalifa alilikuta jeshi la Usama bin Zayd limepiga kambi Jurf, nje kidogo ya mji, likiwa limeamriwa kwenda mpakani mwa Sham ambako Zayd, baba yake Usama, aliuawa katika vita vya Mu'ta. Kamanda alikuwa kijana wa miaka isiyozidi 20. Masahaba walimsihi khalifa alizuie jeshi hilo kwa sababu habari za makabila zilikwisha kuanza kuvuma. Akakataa kuifungua bendera ambayo Mtume aliifunga kwa mkono wake. Akalisindikiza kwa miguu huku Usama akiwa juu ya mnyama wake, akamwomba ruhusa amwachie Umar bin al-Khattab abaki mjini. Jeshi likaondoka, na Madina ikabaki na watu wachache.

Wajumbe wa Asad, Ghatafan na Tayy walifika katika hali hiyo. Ombi lao halikuwa la kurudi kwenye masanamu. Walisema watasali, ila zaka wasitoe. Umar aliona ni jambo la kuzungumzika, akamkumbusha Abu Bakr hadithi ya Mtume kwamba ameamrishwa kupigana na watu mpaka watamke shahada, na wakishaitamka damu na mali zao zimehifadhika ila kwa haki yake. Abu Bakr aliyashika maneno ya mwisho: zaka ni haki ya mali. Akaapa kwamba wakimnyima hata kitu kidogo kabisa walichokuwa wakimpa Mtume, atapigana nao kwa ajili yake. Kitu hicho kinatajwa kwa namna mbili katika hadithi. Riwaya moja inasema 'anaq, yaani mwanambuzi jike. Nyingine inasema 'iqal, na wanalugha wamebishana kwa karne nyingi kama 'iqal ni kamba ya kumfungia ngamia goti au ni jina la zaka ya mwaka mzima. Mimi naona kamba inakaa vizuri zaidi mdomoni mwa mfanyabiashara aliyejua thamani ya kila kitu sokoni, kwa sababu kamba ile peke yake haina bei. Aliyekuwa akipigania kamba alikuwa anapigania mkono unaoipokea.

Wajumbe walirudi kwao wakiwa wameuona mji ulivyo mtupu. Abu Bakr aliwaweka akina Ali, Zubayr, Talha na Ibn Mas'ud kulinda njia za kuingilia, akawataka watu wakae tayari msikitini. Baada ya siku tatu shambulio likaja usiku. Watu wa Madina walitoka kuwafukuza washambuliaji wakiwa juu ya ngamia wa kuteka maji mashambani, wanyama wasiojua vita, na hapo maadui wakatumia hila ambayo msimulizi hakuweza kuiacha: walivipuliza viriba hewa, wakavifunga kamba, kisha wakaviporomosha kwa miguu mbele ya ngamia wale. Ngamia hukiogopa kiriba kinachoviringika kuliko kitu kingine chochote. Wakatimka na waliowapanda, wasisimame mpaka Madina. Washambuliaji walidhani kazi imekwisha, wakalala. Abu Bakr akajipanga upya usiku uleule, akawaweka ndugu watatu wa nyumba ya Muqarrin kulia, kushoto na nyuma, akawafikia kimya alfajiri kabla hawajaamka. Mzee aliyezoeleka kwa upole na machozi katika sala aliongoza mapigano yale yeye mwenyewe, na Dhu al-Qassa, mahali karibu na Madina, ikawa mikononi mwake.

Usama aliporudi salama, khalifa alifunga huko Dhu al-Qassa bendera kumi na moja, kila moja na kamanda wake na eneo lake, kutoka mipaka ya Sham hadi Yemen na Oman. Orodha hiyo nadhifu imetufikia kupitia msimulizi Sayf bin Umar, ambaye wanazuoni wa hadithi walimhesabu kuwa dhaifu lakini wanahistoria hawakuweza kuachana naye, kwa kuwa bila yeye nusu ya mkasa huu ingepotea. Ni vyema kuisoma kama ramani ya mahali vita vilipotokea, bila kudhani kwamba vikosi vyote viliondoka asubuhi moja.

Bendera kubwa ilipewa Khalid bin al-Walid, na wa kwanza mbele yake alikuwa Tulayha bin Khuwaylid wa Banu Asad. Tulayha alidai unabii tangu Mtume angali hai, akitoa maneno ya vina kwa mtindo wa makahini. Aliyempa nguvu, hata hivyo, hakuwa malaika bali mkataba wa zamani baina ya Asad na Ghatafan. Uyayna bin Hisn, mkuu wa Fazara katika Ghatafan, anasimuliwa kuwa alisema bila kuficha kwamba nabii atokaye kwa washirika wao ni bora kwao kuliko nabii wa Kikureshi, na zaidi ya hayo Muhammad amekufa na Tulayha yu hai. Khalid alianza kwa kumpunguzia adui marafiki: Adi bin Hatim wa Tayy, mwana wa yule Hatim ambaye ukarimu wake ni methali, aliomba siku tatu, akaenda akawarudisha watu wake bila upanga. Kisha majeshi yakakutana Buzakha. Uyayna akiwa na watu 700 alipigana mpaka akachoka, akawa anarudi kila mara kwa Tulayha, aliyekuwa amejifunika nguo karibu na hema akingoja wahyi, kumuuliza kama Jibril amekuja. Mara ya tatu Tulayha akasema amekuja, akatoa maneno ya fumbo kuhusu jiwe la kusagia na habari isiyosahaulika. Uyayna akawageukia watu wake: enyi Fazara, huyu ni mwongo, twendeni. Vita vikaisha hapo. Tulayha alipanda farasi aliyekuwa amemwandaa, akakimbilia Sham. Baadaye alisilimu tena na kupigana bega kwa bega na Waislamu dhidi ya Waajemi katika vita vya Qadisiya.

Kutoka Buzakha Khalid aliteremkia Butah, kwa Banu Yarbu' wa Tamim, na hapo ndipo jina la ridda linapoanza kutatiza waziwazi. Malik bin Nuwayra alikuwa mkusanyaji wa zaka aliyeteuliwa na Mtume mwenyewe. Mtume alipofariki aliwarudishia watu wake wanyama wao, na kwa muda alielewana na Sajah, mwanamke wa Tamim aliyedai unabii na kuja na wafuasi kutoka upande wa Iraq. Sajah alipokwenda zake, Malik aliwatawanya watu wake wasipigane. Kikosi cha Khalid kikamkamata. Abu Qatada, Ansari, alishuhudia kwamba aliwasikia watu wale wakiadhini na kusali. Wengine katika kikosi hichohicho wakasema hawakusikia. Usiku ulikuwa wa baridi kali, na riwaya moja inasema Khalid aliamuru mateka wapatiwe joto kwa neno ambalo katika lahaja ya Kinana lilimaanisha wauawe. Riwaya nyingine inasema Malik alimjibu Khalid kwa kumtaja Mtume kama "mwenzenu", na hilo likamponza. Vyovyote iwavyo, Malik aliuawa, na Khalid akamwoa mjane wake.

Abu Qatada aliondoka jeshini kwa hasira, akaapa hatapigana tena chini ya bendera ya Khalid. Umar alitaka Khalid auzuliwe. Abu Bakr alisema hatauingiza alani upanga ambao Mwenyezi Mungu ameuchomoa, akimhesabu Khalid kuwa amekosea katika kufasiri. Lakini alitoa diya ya Malik na kuamuru mateka warudishwe. Diya hailipwi kwa murtadi aliyeuawa kwa haki. Kwa hiyo hata khalifa aliyeamuru vita vile hakumweka Malik katika fungu moja na Tulayha.

Tofauti hiyo haikusahauliwa na wanazuoni. Imam Shafi'i, ambaye Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu yake, aliwagawa watu wa ridda mafungu mawili: waliokufuru baada ya kusilimu, kama wafuasi wa wadai unabii Tulayha, Musaylima wa Yamama na al-Ansi wa Yemen, na walioshikamana na Uislamu lakini wakazuia zaka. Hawa wa pili walipigwa vita kwa sababu ya haki waliyoizuia, huku wao wakiwa na tafsiri yao: Qur'ani ilimwambia Mtume achukue sadaka katika mali zao na awaombee, nao wakauliza ni nani sasa ambaye dua yake itawatuliza. Neno ridda liliwafunika wote kwa mazoea ya lugha.

Yamama, nchi ya Banu Hanifa, ni kisa kingine. Banu Hanifa walikuwa wakulima waliokaa mahali pamoja, wenye ngome, mitende na ngano, na Makka ilitegemea nafaka yao. Thumama bin Uthal, mkuu wao mmoja aliyesilimu mapema na kubaki imara, aliwahi kuwatisha Makureshi kwamba hawatapata hata punje ya ngano kutoka Yamama bila ruhusa ya Mtume. Katika nchi kama hiyo Musaylima hakudai kuung'oa unabii wa Muhammad bali kugawana naye. Barua yake ilisema nusu ya ardhi ni yetu na nusu ni ya Makureshi. Jibu likamwita mwongo, likasema ardhi ni ya Mwenyezi Mungu, humrithisha amtakaye. Wafuasi wake wengi hawakuwahi kukaa chini ya Madina kwa dhati. Mmoja wao anasimuliwa kuwa alikiri kwamba Musaylima ni mwongo na Muhammad ni mkweli, ila mwongo wa Rabi'a, ukoo mkubwa wa Banu Hanifa, anapendeza zaidi kuliko mkweli wa Mudar, ukoo mkubwa wa Makureshi. Mbele ya maneno hayo, kuiita Yamama vita vya kurudisha watu dini ni kupunguza. Zilikuwa dola mbili, kila moja na nabii wake, zikigombea bara Arabu.

Ikrima bin Abi Jahl, kamanda aliyetangulia kupelekwa Yamama, alifanya haraka akapigwa, na khalifa akamkataza kurudi Madina asije akawavunja watu moyo, akamwelekeza Oman. Shurahbil bin Hasana naye hakufua dafu. Khalid alipofika Aqraba, huko Yamama, jeshi lake lilisukumwa nyuma mpaka adui akaingia hemani mwake. Ndipo akaamuru watu watengane, Muhajirina peke yao, Ansari peke yao, mabedui kwa makabila yao, ili ijulikane upande upi unaovuja. Umm Umara Nusayba bint Ka'b alikatwa mkono siku hiyo. Banu Hanifa walirudi nyuma wakaingia katika bustani yenye ukuta na kufunga mlango. Al-Bara bin Malik akaomba atupwe juu ya ukuta, akapigana mpaka akaufungua kwa ndani. Bustani ile ikaitwa Bustani ya Mauti. Musaylima alipigwa mkuki na Wahshi, yuleyule aliyemuua Hamza huko Uhud, huku Ansari mmoja akimmalizia kwa upanga. Bado ngome zilibaki, na Mujja'a bin Murara, aliyekuwa mateka wa Khalid, akawaambia wanawake wavae deraya wasimame juu ya kuta. Khalid akadhani kuna jeshi zima ndani, akakubali suluhu.

Idadi za waliouawa hutofautiana mno. Majina yanaaminika zaidi kuliko idadi: Zayd bin al-Khattab, nduguye Umar, aliyebeba bendera, Salim mtumwa huru wa Abu Hudhayfa aliyeipokea, na Abu Hudhayfa mwenyewe, Thabit bin Qays, Abu Dujana. Wengi walikuwa wahifadhi wa Qur'ani, na hofu ya Qur'ani kupotea pamoja nao ndiyo iliyompeleka Umar kwa Abu Bakr kumshauri Qur'ani ikusanywe, kazi aliyokabidhiwa Zayd bin Thabit.

Pembezoni mwa bara Arabu mambo yalikuwa ya kienyeji zaidi. Katika Bahrain, jina ambalo wakati huo lilimaanisha pwani nzima ya Hasa na Qatif, kabila la Abd al-Qays lilibaki katika dini baada ya al-Jarud kuwauliza manabii waliotangulia wamekwenda wapi. Waliposema wamekufa, akawaambia basi Muhammad naye amekufa kama wao. Jirani zao wa Bakr bin Wa'il waliwazingira Juwatha mpaka al-Ala bin al-Hadrami akaja kuwaokoa. Yemen ilikwisha kuwaka mapema: al-Aswad al-Ansi aliiteka San'aa na kuuawa muda mfupi kabla ya Mtume kufariki, na waliomuua, akiwamo Fayruz al-Daylami, walikuwa miongoni mwa Abna, wazao wa askari wa Kiajemi. Aliyewageuka baadaye ni Qays bin Makshuh, mshirika wao katika mauaji hayohayo, aliyetaka Waajemi waondoke kwao. Kugombea San'aa baina ya Abna na Waarabu wa Yemen kungekuwapo hata kama hapangekuwa na zaka.

Katika Oman, watawala Jayfar na Abd wana wa Julanda walikuwa upande wa Madina, na aliyewapinga alikuwa Laqit bin Malik wa Azd. Vita vikapiganwa Daba, mji wa soko na bandari. Wanazuoni wa Kiibadhi wa Oman wamelikataa jina la ridda kwa Daba: katika masimulizi yao chanzo kilikuwa mwanamke aliyegombana na mkusanyaji wa zaka juu ya kondoo, akawaita jamaa zake kwa mwito wa kikabila, na mwito huo ukadhaniwa kuwa ni wa kijahiliya. Hadhramaut nako moto uliwashwa na ngamia mmoja. Ziyad bin Labid alimpiga chapa ya zaka ngamia jike ambaye, kwa madai ya wenyewe, alikuwa wa ndugu asiyedaiwa kitu. Wakaomba wampe mwingine. Akasema chapa imekwisha kupigwa. Mtu mmoja wa kabila la Kinda akaja akaifungua kamba ya ngamia yule mbele ya watu. Kinda wakaishia ngome ya Nujayr, na al-Ash'ath bin Qays akatoka kuomba amani kwa watu alioandika majina yao, akasahau kuandika lake. Abu Bakr alimsamehe akamwoza dada yake.

Walioshindwa hawakuruhusiwa na Abu Bakr kwenda katika vita vya Iraq na Sham. Umar alipokuja aliwaruhusu, na mateka wa Kiarabu akawarudisha kwao. Katika enzi yake hiyo Mutammim, ndugu wa Malik bin Nuwayra, alikuwa akizunguka na tungo za maombolezo ambazo Waarabu wanazihesabu miongoni mwa bora kabisa katika lugha yao. Umar akamtaka amsomee, akalia, akasema laiti angejua kutunga amlilie Zayd wake aliyeuawa Yamama. Mutammim akamjibu: lau ndugu yangu angekufa kama alivyokufa ndugu yako, nisingemlilia. Umar akasema hajapata kupewa taazia iliyomfariji kuliko hiyo.